Kobe wa Kabula

Wiki iliyopita, baada ya kumzika dada yangu Kabula, siafu walipita uani kwake. Kabla sijamwita mtu, nilikimbia kumfungua mbuzi.

Tulipokuwa wadogo kule Ushetu, siafu wakiingia nyumbani hawakufukuzwa. Watu walitoka na kuwaachia nyumba, wawale kunguni na mende. Mchana mmoja waliingia kwetu, na mama alitutoa upesi. Ndani kulinuka tumbaku iliyotundikwa, na mende walichakarisha nyasi za paa wakikimbia.

"Mayu, kobe wangu!" Kabula alimlilia mama. Kobe alikuwa mdogo kama kiganja. Baba alikuwa amemfunga kwenye mguu wa kitanda, kwa kamba iliyopita katika tundu la gamba, asije akala matembele.

"Tulia, mwanangu," mama alisema, amemshika mkono. "Kobe ana nyumba yake. Atafunga mlango."

Nami niliamini kwamba ndani ya gamba kuna mlango wa kweli. Sasa najua kwamba ngozi yake iko wazi palipo na miguu na shingo.

Tulilala kwa jirani, tukarudi kesho yake. Baba alipapasa kitanda, akacheka. "Safi! Hata kunguni mmoja hayupo!"

Kamba ilikuwa imenyooka kuelekea mlangoni, na mwishoni mwake kulikuwa na kobe. Kabula alimwinua.

"Mayu, mbona amekuwa mwepesi?"

Usiku ule tulilala bila kuumwa na chochote. Kabula hakulala.