Kilo Tano na Nusu

Mimi Judith natunza mafaili, haya niliyaona kwa macho yangu, na anayetaka kuninunia aninunie.

Masatu alizaliwa Butiama, akajifunzia kompyuta Bunda kwenye kiwanda cha pamba, akaishia Kitaji kwenye mradi wetu wa lishe. Kazi yake ilikuwa kuiuliza kompyuta: nipe watoto wa miezi tisa hadi kumi na miwili walio chini ya kilo saba. Majina yanayotoka ndio wanaopewa chakula dawa, kile cha kuwainua watoto waliokonda. Asiyetoka hapewi.

Mtu mgumu huyo! Alikuwaga na programu yake inayokagua swali kabla ya kulijibu. Alishaiambia tangu mwanzo kwamba uzito ni namba na jina ni maneno. Ukiichanganyia inagoma, inakuonyesha mstari wenye kosa, na orodha hupati mpaka urekebishe. Sasa manesi wetu wa vijijini wanaandika walivyozoea kusema: "6 na nusu", "7 na robo". Kila mwezi programu inagoma, kila mwezi Masatu anapiga simu Kiriba na Kiabakari, anasahihisha mtoto mmoja mmoja.

Bosi wetu Revocatus akachoka. "Masatu, wewe na mashine yako mnatuchelewesha. Tunaleta inayokubali kila kitu."

"Bosi, inayokubali kila kitu haitakwambia imeacha nini."

"Umeajiriwa kuuliza kompyuta, sio kuniuliza mimi."

Tulicheka ofisi nzima. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Masatu akahamishiwa stoo kugawa karatasi.

Programu mpya ilitoa orodha kabla chai haijapoa. Uzito ulioandikwa kwa maneno iliuruka tu, haikusema kitu. Wanasema kimya kingi kina mshindo, lakini sisi tulikifurahia.

Esta wa Kiriba, mke wa mvuvi, alikuwa na mtoto wa miezi tisa, Tabitha. Nesi alimpima, kilo tano na nusu, akaandika hivyo hivyo. Siku ya kugawa hakuitwa. Esta akamfunua mtoto, mbavu zote nje. Nesi aliona, ila maboksi ya chakula yalikuja kwa idadi ya majina ya kwenye orodha. Akamwambia, "Mama, kompyuta inasema mtoto wako hana shida." Mwezi wa pili akarudi, akaambiwa hayo hayo. Mwezi wa tatu alikuja Kitaji ofisini, mgongoni hana mtu.

"Naomba mnionyeshe kama mlimwandika," alisema.

Sisi wote tulijifanya tuna kazi. Masatu alitoka stoo, akakaa kwenye kompyuta yangu, akamtafuta. Tabitha alikuwemo kwenye kumbukumbu, ila sio kwenye orodha. Uzito: 5 na nusu.

Esta alisoma polepole, kidole kwenye kioo. "Si ndivyo nesi alivyosema, baba? Sasa mimi nilikosea wapi?"

Masatu alilia mbele yake, mtu mzima na mvi zake. Jumatatu alipewa barua ya kufukuzwa, kwa kumwonyesha mtu wa nje kumbukumbu za mradi. Hakuna aliyemsindikiza hata getini.

Mwisho wa mwaka Revocatus alisoma ripoti mbele ya wafadhili: kati ya watoto wote waliokuwa kwenye orodha, hakufa hata mmoja. Walimpigia makofi. Na ni kweli, hakuna uongo hapo. Niliichapa mimi mwenyewe.