Nilivyomtoa binti yangu nasari kwa nguvu, na Kiminini nzima ikanicheka mwaka mzima

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nikicheka visa vya wenzangu. Leo zamu ya kuchekwa ni yangu. Sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha. Kama kuna mtu wa Kiminini humu, atanijua kabla hajafika katikati. Namwomba anyamaze tu.

Kiminini ni pale kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye. Nina duka la agrovet pale: mbegu za mahindi, mbolea, dawa ya kupe. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba huku Trans-Nzoia nikiwa mdogo. Mke wangu ni wa Kabuchai, Bungoma. Binti yetu wa kwanza anaitwa Wambui.

Mwaka ni 2003. Serikali mpya imeingia na shule za msingi zimekuwa bure.

Watu walipagawa, wakuu. Nilimwona mzee mwenye mvi akijiandikisha darasa la pili, na hakuna aliyeshangaa.

Sasa, Wambui alikuwa nasari. Nasari yenyewe ilikuwa ya kanisa, chumba kimoja cha mabati, na kengele yake ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini. Mwalimu alikuwa mmoja, anaitwa Mwalimu Rosa, mama mnene mpole ambaye alijua jina la kila mtoto na la kuku wa kwao. Watoto waliimba, wakahesabu vizibo vya soda, wakanywa uji, wakalala kwenye mikeka. Ikifika saa sita wanaenda nyumbani.

Mwaka uliotangulia, shule zikifungwa Novemba, nasari ilikuwa na watoto kama arobaini. Januari ilipofunguliwa walikuwa kumi na mmoja.

Si kwamba hao wengine walikuwa wameiva. Wazazi waliwavuna tu.

Jirani yangu dukani alikuwa fundi wa nguo, Baba Purity. Yeye alikuwa wa kwanza kumhamisha wake. Siku hiyo hiyo akaja kuegemea kaunta yangu, akaniambia Purity ameshaingia shule ya wakubwa. Halafu akauliza kwa sauti ya huruma, "Na wako bado anakunywa uji?"

Nilikuwa na wateja wawili. Walicheka.

Purity alikuwa anakaribia miaka saba. Wambui alikuwa ametimiza mitano juzi tu. Lakini mimi hesabu hiyo sikuifanya. Nilichosikia ni neno uji.

Kwa vijana wa siku hizi niwaeleze kitu. Wakati huo watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hivyo shule ilipima umri kwa mkono. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa na kujaribu kushika sikio la upande wa pili. Akilishika, ameiva. Asipolishika, arudi nasari akakue.

Wambui hakulishika. Vidole viliishia kwenye nywele.

Basi nikaanzisha mazoezi. Kila asubuhi kabla ya chai, kando ya tangi la maji, mimi na mtoto. Vuta, pumzika, vuta. Nilimpaka mafuta ya ng'ombe ya kulegeza misuli, natoa kwenye rafu yangu mwenyewe. Mamake akasimama mlangoni akasema, "Baba Wambui, huyu mtoto hajafika." Nikamjibu mkono utafika. Nilidhani tunazungumza juu ya mkono.

Baada ya wiki moja mkono ulikuwa pale pale. Ndipo akili yangu ya biashara ikaamka. Nikamfundisha kuinamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayesikiliza. Kichwa kikiinama, sikio linakuja lenyewe.

Siku ya kupimwa tulipiga foleni langoni pamoja na nusu ya Trans-Nzoia. Ilipofika zamu yetu nikajifanya namfunga kitambaa vizuri, nikamsukuma kichwa kwa kidole. Vidole vikagusa. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amechoka, akaandika jina bila kuinua macho.

Nilirudi dukani kama niliyeshinda uchaguzi. Nikamnunulia Baba Purity soda ili aione furaha yangu kwa karibu.

Darasa la kwanza lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane. Madawati yaliwatosha wale wa mbele, wengine chini. Mwalimu alikuwa mmoja pia. Mimi sikuona tatizo. Niliona sweta ya kijani ya shule ya wakubwa, na nikaona namna ilivyompendeza, ingawa ilimfika magotini.

Kila asubuhi nilimbeba kwa baiskeli, tunavuka lami, namshusha langoni watu wakiona, narudi kufungua duka. Jioni nikifika nyumbani nilimuuliza swali moja, "Umekuwa namba ngapi?" Akasema bado hawajapewa namba. Mimi nikaendelea na chakula.

Mwisho wa muhula wa kwanza Purity alileta ripoti fomu mbili, yake na ya Wambui. Wambui alikuwa namba sitini na saba. Mwalimu ameandika: anajitahidi, aongeze bidii katika hesabu.

Kwa mtoto wa miaka mitano, sitini na saba kati ya mia na kumi na wanane si mchezo. Ile ripoti niliiweka kwenye kioo cha kaunta, kando ya bei ya mbegu. Kila mteja aliisoma. Wengine waliuliza, "Huyu wa darasa la kwanza anaendeleaje?" na kutabasamu sana. Nilifikiri wananipenda.

Agosti tukaenda Kabuchai kwa wakwe. Baada ya kuku nikamsimamisha Wambui mbele ya mama mkwe na shemeji zangu, aonyeshe wanachosomeshwa darasa la kwanza. Akaimba wimbo wa bata na watoto wake, na mikono akapiga kama mabawa.

Watu wote waliangalia sahani zao. Mimi nikajiambia elimu ya bure imeshuka kiwango. Mama mkwe alisema tu, "Mwalimu wake anajua kufundisha," na akamwangalia mke wangu. Mke wangu akainuka kwenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wakuu, ninyi mmeshaelewa. Mimi nilihitaji hadi Oktoba.

Oktoba kulikuwa na mtihani wa katikati ya muhula. Purity akaleta karatasi. Wambui ameshuka hadi namba tisini na mbili.

Damu ikanichemka. Sitini na saba hadi tisini na mbili, mwalimu anafanya nini huko? Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kufanya hata kwa mazishi, nikaenda shuleni kudai maelezo.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na chaki hadi kwenye nyusi. Nikamwekea karatasi mezani. Akaiangalia, akaniangalia, akasema mtoto wangu ana akili nzuri ila siku hizi ana kelele sana darasani.

Nikamwambia wangu hana kelele, nyumbani hata sauti yake ni ya kutafuta. Akasema huko darasani wanabadilika. Tulibishana hivyo kama dakika tano, wanaume wawili wazima, juu ya tabia za mtoto huyo.

Mwishowe nikasema aitwe. Akaita, "Wambui!" Wakasimama watatu, na wangu hayumo. Mwalimu akamshika yule wa karibu akamsogeza kwangu. "Si huyu hapa."

Mtoto wa watu akanitazama akaanza kulia.

Halafu Purity, akiwa amekaa sakafuni, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, Wambui wa agrovet huwa nasari."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kitambo."

Sikumngoja mwalimu aseme kitu. Baadaye nilikuja kujua alama za watoto asiowakumbuka alikuwa anakisia, na sikupata nguvu ya kumchukia. Watoto mia na kumi na wanane, bana.

Nilitoka mbio hadi barabarani. Na pale kando ya lami nikasimama.

Lori la miwa lilikuwa linapita, refu, linayumba, na nyuma yake lingine. Mimi kila asubuhi nilikuwa namvusha kwa baiskeli na kumshusha upande huu. Nasari iko upande ule. Maana yake ni kwamba kila nilipogeuka kurudi dukani, yule mtoto alikuwa anarudi kuvuka hii barabara, na mimi sijui. Sioni aibu kusema niliogopa, ingawa nilijua yu hai.

Kulikuwa na mama anayechoma mahindi hapo kando, penye stendi ya baiskeli. Akaniangalia akaniambia, "Unaenda nasari? Njoo nikuvushe. Hata wako mimi ndiye huvusha."

Akanishika mkono, wakuu. Mbele ya stendi nzima. Akanivusha.

Nasari nilimkuta Wambui amesimama mbele, na sweta yake ya kijani katikati ya watoto wa sweta nyekundu, akiwaongoza kuhesabu vizibo. Sauti yake ilikuwa juu. Sijawahi kuisikia hiyo sauti nyumbani kwangu.

Aliponiona, sauti ikakatika. Akaenda kusimama nyuma ya Mwalimu Rosa akashika gauni lake.

Nimepigwa na mengi maishani, lakini hilo la mtoto kunikimbia kwenda kwa mtu mwingine liliniingia.

Mwalimu Rosa akanipa kiti. Viti vya pale ni vile vya watoto, kwa hivyo magoti yalinifika kidevuni. Akanieleza bila kupandisha sauti. Wiki ya tatu ya kufungua shule Wambui alitokea mlangoni peke yake, analia, sketi imelowa. Huko aliomba ruhusa ya kwenda choo hakuna aliyemsikia. Mwalimu wa kule alikuwa anamwita "wewe wa sweta", na kule wote wana sweta. Siku tatu alivuka ile barabara peke yake kabla Mwalimu Rosa hajaongea na mama wa mahindi.

Mke wangu alijua tangu siku ya kwanza. Alimwambia Mwalimu Rosa mtoto abaki hapo, na mimi baba yake ataniachia yeye mke wangu anichunge. Wakwe walijua. Waendesha baiskeli wa stendi walijua. Baba Purity alijua, na ile soda yangu aliinywa, na miezi yote hiyo alikuwa anakuja kuisoma ripoti kwenye kioo changu kwa sauti, mbele ya wateja.

Nikauliza kwa nini mtoto hakuniambia mimi.

Mwalimu Rosa akaniambia, "Baba Wambui, ulimuuliza lini? Anasema wewe unataka kujua namba tu. Na hapa kwangu hatuna namba."

Kuna mtoto mmoja aliniletea kikombe cha uji, pengine alidhani mimi ni mgeni wa kanisa. Nikanywa chote, watoto wakiniangalia.

Wambui alimaliza mwaka pale pale. Kufikia siku ya kufunga, Novemba, nasari ilikuwa imejaa tena kiasi. Wazazi walikuwa wanarudisha watoto mmoja mmoja kimya kimya, kila mmoja na hadithi yake. Mara daktari ameshauri, mara anapumzika kidogo. Hakuna aliyekubali alikosea. Wote walikaa viti vya mbele, wakapiga makofi kwa nguvu kama watu waliojenga ile nasari kwa mikono yao.

Nami nilikuwa hapo mbele, na nilipiga kuliko wote.

Ile ripoti niliitoa kwenye kioo usiku wa siku ile niliyovushwa. Sasa ndio naona nilichojifunza, na ni kidogo tu. Nilikuwa na mtoto nyumbani, nikawa namfuatilia kwenye karatasi. Mtu angeniambia amekuwa namba moja kwenye shule asiyosoma, ningechinja mbuzi.

Wambui ni mtu mzima sasa, anafanya kazi Kitale, ni binti mzuri na hajawahi kunikosea heshima. Lakini mambo yake humwambia mamake. Mwaka jana alipopata mchumba, mimi niliambiwa na Baba Purity. Alikuja kaunta kunipongeza, na nikamshukuru kama mtu anayejua.

Jioni hiyo nikampigia simu. Sikutaja mchumba. Nilitaka tu kufanya lile nililopaswa kufanya zamani. Nikamuuliza, "Umeshindaje leo, Wambui? Umefanya nini na nini?"

Akauliza, sauti imejaa wasiwasi, "Baba, kuna mtu amekufa?"

Haya wakuu, nimemaliza. Chekeni mnavyotaka, nimeshazoea. Ila wenye watoto wadogo, nitafurahi mkiniambia jioni ya jana mlizungumza nao nini.