Hata Limaye Mwenyewe

Mzee Shashikant Limaye alikuwa na nyota moja tu maishani. Aliigundua ujanani kwa antena za waya alizofunga mwenyewe: nyota iliyokwisha kufa, inayotuma mawimbi ya redio kwa mdundo kama wa moyo, kisha inanyamaza na kuanza tena. Aliamini ukimya wake unazidi kurefuka, na kwamba ipo siku itanyamaza moja kwa moja. Alitaka kujua ni lini.

Alipostaafu hakuihama kantini ya kituo chetu cha elimu ya nyota hapa Pune, India. Kila Alhamisi alikuja kula poha, ule mchele uliopondwa na kukaangwa, na kutukosoa. Macho ndiyo yaliyomtupa mkono. Daktari alishamwambia wazi kwamba muda si mrefu hataona mchoro wowote.

Vasudha Kanitkar, niliyekaa naye ofisi moja, alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, na alimpenda kuliko baba yake mzazi. Nimemwona akimwacha baba yake mlangoni ili apokee simu ya Limaye.

Saa za darubini yetu, yale madishi yaliyotapakaa mashambani upande wa Narayangaon, hupatikana kwa kuomba, na waombaji ni wengi kuliko saa. Siku hizi maombi husomwa bila majina. Hata kazi yako ya zamani huruhusiwi kuiita yako. Unajitaja kama mtu baki. Kisha kila mwombaji hupewa maombi ya wenzake ayapime. Wanasema ni haki. Mimi utaratibu huo sijawahi kuupenda.

Muhula ule Vasudha akiwa anapima fungu lake, akaguna.

"Ghate, njoo uone kituko. Kuna mtoto kamganda Mwalimu kama kupe. Limaye kaona hiki, Limaye kasema kile, mwanzo mpaka mwisho."

"Anataka nini?"

"Nyota ileile, kwa njia ileile ya enzi za mababu."

"Si umpe tu, kwa heshima ya mzee?"

"Kwa heshima ya mzee ndiyo simpi. Sitaki vitoto vichezee jina lake."

Akaandika maoni makali, akampa alama ya chini, tukaenda kunywa chai. Nami nilicheka, sikatai.

Matokeo yalipotoka, Limaye alikuja siku isiyo yake, karatasi mkononi. Hatukujua kama ameomba. Waombaji walikatazwa kujitangaza, na mzee alishika sheria kama dini.

"Wameninyima," alisema. "Binti, nisomee sababu. Mjukuu wangu angenisomea, ila yule angenidanganya ili nisiumie."

Vasudha alitazama karatasi, uso ukamshuka.

"Soma, mwanangu. Sivunjiki mimi."

"Mwombaji anamtegemea mno Limaye," alisoma. "Njia hii imepitwa na wakati. Hata Limaye mwenyewe asingeomba hili leo."

Mzee akacheka kidogo, peke yake.

"Walitaka nijiandike kama marehemu, basi nimezikwa. Huyu aliyenipima anaijua kazi, au siyo?"

"Anaijua."

"Afadhali. Nilihofia nimenyimwa na mjinga."

"Muhula ujao nitaomba mimi, Mwalimu."

"Omba. Mimi sitakuwa na macho ya kuangalia."

Vasudha aliomba, kwa mtambo mpya na kwa maneno ya kisasa, akapewa saa zote alizotaka. Alhamisi iliyofuata baada ya Vasudha kuisikiliza nyota, mzee aliletwa kantini akishikwa mkono. Hakuwa anaona tena. Poha yake ilipoa mezani.

"Inapiga?"

"Haipigi, Mwalimu. Tumesikiliza mpaka saa zetu zikaisha. Imenyamaza kabisa, kama ulivyosema."

Nilidhani atafurahi. Badala yake alipapasa ukingo wa meza.

"Ilinyamaza lini?"

"Hatujui. Hakuna aliyekuwa anasikiliza." Vasudha alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Ulipoomba wewe huenda ilikuwa bado inapiga. Mimi ndiye niliyekunyima. Yale maneno niliyokusomea ni yangu."

Mzee hakumgombeza. Heri angemgombeza. Aliuliza kama chai imekuja, akainywa yote, kisha akasimama kuondoka. Vasudha akawahi kumpa mkono amwongoze. Limaye aliupapasa, akautambua, akauachia taratibu.

"Ghate," aliniita, "uko wapi? Nitoe nje."