Nailoni Haijaona Uzee

Naikumbuka siku moja ya zamani sana, mwanangu, zamani za mwaka jana. Usicheke. Wewe umeingia sekondari juzi, mimi ndevu tatu zimeshanitoka. Kaa kitako usikize wazee.

Ami yangu hupaka mashua rangi kule ufukweni Liwatoni. Ile rangi ya chini, inayoua chaza na wadudu wa mbao, ni sumu. Hata paka wa mtaani kwetu Kuze, ambao hawachagui chakula, huipisha. Makopo ya mabaki yake yalikuwa yamejaa chini ya ngazi yetu, yavuja. Siku hiyo ami akaja na gombo la nailoni kubwa kama shuka ya harusi, uso wang'aa. Atachimba shimo uani, alitandike nailoni, amwage sumu, afukie. Na kisima chetu, ambacho kichochoro kizima huteka, kiko papo hapo.

"Nailoni haiozi," akasema. "Itatuzika sote."

Wiki ile ile mwalimu wa sayansi alitusimulia kuwa huko Ulaya wako wanaowaza kuzika taka za atomiki, zenye sumu ya kuwapita vitukuu vyetu, katika mashimo yaliyotandikwa nailoni. Nikamuuliza mwalimu nailoni yenyewe huishi miaka mingapi. Akakuna kichwa. "Bado haijazeeka. Nani ajuaye?"

Basi nikamwambia ami, "Nailoni imefika mtaani mimi nishaota meno. Mimi hamniachii hata ufunguo wa kabati la halua, yeye mwampa dhamana ya milele?"

"Una ulimi wewe," akajibu, akaendelea kuchimba.

Bibi alikuwa akichovya ukili wa mikeka katika rangi ya zambarau. Aliendelea kuchovya mpaka ami alipotandika nailoni yake na kwenda msikitini. "Kijana," akaninong'oneza, "kuishi kwingi ni kuona mengi. Kabla ya sumu, shimo na lionje rangi yangu."

Tulijaza mitungi kwanza, tukawaambia majirani wasiteke. Kichochoro kizima kikajua, ila ami. Kisha nikamwaga shimoni rangi ya Bibi na ndoo za maji mpaka pomoni, tukalifunika kwa makuti; ami alikuwa amesema sumu ataimwaga Jumamosi. Usingizi ulinipaa, kila nilipopita uani nilichungulia kisimani kama anayengoja Idi.

Ijumaa ami akateka, akaingia kuoga mle chooni mwenye giza, akatoka na kanzu nyeupe pe. Nyayo zambarau. Vidole zambarau. Ndevu, wallahi, zambarau.

"Mwanangu," Bibi akamwita, "harusi ni lini? Naona hina umeshatia."

Madirisha ya juu yakaangua kicheko. Ami alitazama miguu yake, akatazama kisima, akanitazama mimi. Nikajificha nyuma ya Bibi.

Tulipoifunua nailoni, shimo lilikuwa limepungua maji. Uzito wa maji uliikandamiza nailoni juu ya jino la jiwe la matumbawe, likaitoboa. Tundu la kupita sindano.

"Kitundu hiki tu?" ami akauliza.

"Sumu haibishi hodi," Bibi akasema.

Ami akageuza uso mlangoni. Mtoto wake mchanga alikuwa akilia ndani, na uji wake hupikwa kwa maji yale. Alifukia shimo tupu, akayarudisha makopo Liwatoni, akayatia katika pipa la chuma chini ya paa, na kila asubuhi hulipigapiga ubavu akiangalia kama lavuja.

Basi mwanangu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Anayekuahidi milele, muulize kwanza umri wake. Na uchafu wako usiufukie ukaenda kulala: mficha maradhi, kifo humuumbua. Uweke machoni pako, uukague, na chombo kikizeeka ukibadilishe kabla hakijakwambia chenyewe.

Mungu akupe umri wa kuiona nailoni ikizeeka, akusafishie kisima chako na cha jirani yako, na nyayo zako zisigeuke zambarau ila kwa kukanyaga matunda. Sema amina, mzee wako ana mtihani wa hesabu kesho.