Upinde Niliomchagulia Nekesa

Iko siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, hata nikiwa nimekaa na watu nikicheka. Ilikuwa Jumamosi mjini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mvua za kupandia zimeanza na kila mtu anauliza habari za mbegu. Umeniuliza upinde gani utakufaa sasa unapoanza kulenga shabaha. Ningeweza kukujibu kwa maneno matatu ukaenda zako, lakini jibu langu lina mtu ndani yake, na mtu huyo ni dada yangu. Kwa hiyo nivumilie.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa ghala la mahindi. Siku hizo walinzi tulibeba pinde za mti, na kazi ilipatikana kwa namna moja tu: mwenye ghala anatoa upinde mgumu, mnapanga mstari, na anayeuvuta hadi sikioni ndiye anayeandikwa. Mimi niliuvuta. Tangu hapo nikaamini kwamba upinde mzuri ni ule unaowashinda wengine. Hata nyumbani Bungoma mambo yalikuwa hayo hayo. Baba alikuwa na upinde wa kufukuzia nyani shambani, hakuna jirani aliyeweza kuukunja, na alijivunia hilo kuliko mahindi yenyewe.

Nekesa ndiye kitinda mimba wetu. Nilimleta Tuwan, mtaa niliokuwa nikiishi pale Kitale, akae nami amalizie shule. Alikuwa mwembamba, mkimya, wa kujiamulia mambo yake bila kelele. Mzee Gitau, mwanajeshi mstaafu mwenye shamba huko Kwanza, nje ya mji, alikuwa akifundisha vijana kulenga shabaha kila Jumamosi kwenye kiwanja kimoja pale mjini. Nekesa alikwenda kutazama tu, akabaki. Haikupita miezi mingi mzee akaanza kuwaambia watu, "Huyu msichana hana haraka. Mshale yake inaenda mahali imetumwa." Mwezi wa nane kungekuwa na mchujo Nairobi, wa kuchagua watakaoiwakilisha nchi, na jina la Nekesa lilikuwa la kwanza kwenye karatasi ya mzee. Sijamwona dada yangu akitaka kitu kingine namna ile, wala kabla wala baadaye.

Basi likaja sanduku la pinde mpya kutoka kwa wafadhili. Zilikuwa zile za kisasa, ncha zake zimejikunja kwenda mbele, mpini wa chuma katikati, na mbao mbili zinazofungwa kwa skrubu, moja juu na moja chini. Kwenye ubao wa chini imeandikwa idadi ya ratili, yaani nguvu unayohitaji kuuvuta. Kila mchezaji aje achague wake. Siku hiyo Nekesa alikuwa na mtihani shuleni, nikaenda mimi kwa niaba yake.

Mzee Gitau hakupenda. "Mwambie akuje mwenyewe," alisema. "Upinde hatupimii mtu hayuko."

Nikamsihi, nikamwambia nzuri zitaisha. Akapumua, akanichagulia mmoja wa ratili ishirini na mbili. "Haya. Avute, ashikilie, ahesabu pole pole mpaka kumi. Mkono ikitetemeka, hiyo si yake. Akizoea, mwaka ujao tunabadilisha hizi mbao tu, mpini inabaki hii hii. Lakini ukimpea ngumu saa hii, Wafula, utamvunja bega."

Hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyejua, na aliyasema kwa upole. Akageuka kuwahudumia wengine.

Wenzangu wa ghalani walikuwa wamekuja kuziona hizo pinde za wazungu. Simiyu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akauchukua ule wa Nekesa, akauvuta kwa vidole viwili. "Aii, Wafula! Hii nayo ni ya kufukuza kuku? Si upatie dada yako ya kweri, bana!" Wakacheka wote. Mwanangu, kicheko cha watu wanne tu kiliniingia kuliko maneno ya mzee. Niliona haya, mimi mtoto wa yule mwenye upinde usiokunjika. Nikaurudisha ule mwepesi sandukuni, nikachukua wa ratili arobaini, nikaondoka haraka kabla mzee hajageuka.

Na nyumbani nikaongeza dhambi juu ya ujinga. Nilimwambia Nekesa, "Mzee Gitau mwenyewe amekuchagulia huu." Aliupokea kwa mikono miwili. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mzee alikuwa amekwenda kupanda mahindi, mazoezi ya kiwanjani yakasimama majuma matatu, kila mtu ajizoeze kwao. Nekesa alijaza gunia majani makavu, akalining'iniza nyuma ya nyumba, akawa anavuta kila alasiri. Juma la pili alinijia ameshika bega. "Wafula, mkono inauma. Ati kweli mwalimu alisema hii ndio yangu?"

Pale palikuwa na mlango wazi, mwanangu. Ningesema neno moja tu. Nikamwambia, "Jikaze. Maumivu ni ya kuzoea."

Akajikaza. Alimwamini mzee, na aliniamini mimi. Juma la tatu nilikuwa ndani nikichemsha chai nikasikia amelia, mara moja, kwa sauti fupi. Nilimkuta amepiga magoti, upinde chini, mkono wa kulia, ule wa kuvuta upinde, umelegea kabisa. Hospitalini walisema nyama za bega zimechanika, na kwamba zilikuwa zikichanika kidogo kidogo siku nyingi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na bega lililochanika ni la mwingine.

Mzee Gitau alipopata habari alikuja nyumbani, viatu vyake bado vina udongo wa shamba. Aliuona upinde ukutani, akainama akasoma idadi ya ratili. "Nani alikupea hii?"

Nekesa alinitazama. Alikuwa ameshaelewa yote, niliona machoni mwake. Nikaliinamia birika, nikaanza kummiminia mzee chai.

"Ni mimi, mzee," akasema Nekesa. "Nilimtuma Wafula aniletee ngumu."

Mzee alitikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa nasema wewe huna haraka," alisema, akatoka bila kunywa chai. Majina yalikwenda Nairobi bila la Nekesa. Mzee hakumfundisha tena, na miaka michache baadaye akafa akiamini kwamba yule msichana aliharibiwa na kiburi chake mwenyewe.

Leo Nekesa anauza nguo sokoni. Mkono wa kulia haupandi juu ya bega, nguo anazitundika kwa wa kushoto. Krismasi moja nilikwenda kwake nikiwa nimejipanga kusema yote. Nilipoanza tu akanikata: "Wacha, Wafula. Kunywa chai, inapoa." Nikanywa. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini yangu yamezeeka pamoja nami na sioni siku yatakayoniacha. Sina pa kuyapeleka.

Basi jibu lako ni hili. Nenda mwenyewe, kwa mikono yako mwenyewe, kwa sababu mtu hujikuna ajipatapo. Anza na upinde mwepesi, uvute, ushikilie, uhesabu hadi kumi. Ukitetemeka uurudishe, hata kama uwanja mzima unakucheka. Mbao hubadilishwa mwakani, bega halibadilishwi. Mwili ukikuambia unaumia, uamini kuliko unavyomwamini yeyote aliyekuambia ujikaze. Na ukimkosea mtu, sema siku hiyo hiyo, angali yupo wa kukusikia.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe jicho tulivu na mkono usiotetemeka. Akulindie bega lako, na akulinde na ndugu wa namna yangu.