Mnada wa Gari Jeupe la Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiona watu wawili wananong'ona, najua wananisema mimi. Dada yangu alikuwa akinicheka kwamba hata kivuli changu nakiuliza kimetoka wapi. Simlaumu. Ila kisa cha gari la marehemu baba hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo.

Lilikuwa gari jeupe la Kiingereza, refu, lenye mabawa mawili yaliyochomoza nyuma na vyuma vinavyong'aa kila upande. Baba alilikodisha kwa harusi za Kariakoo. Alipofariki tukaliuza kwa shirika moja la umma. Miaka ikapita, wakubwa wa shirika wakapata magari mapya, na letu likatupwa uani kwao, nyuma ya Posta, lingoje mnada.

Waliozaliwa juzi watashangaa tulilitakia nini gari kuukuu. Miaka ile gari jipya ulikuwa hulipati bila kibali, na kibali hukipati bila kumjua mtu. Basi magari yakawa yanapanda bei kadiri yanavyozeeka. Tena lile la mabawa lilikuwa na soko lake, maana bibi harusi wa Kariakoo hakubali kupanda gari linalofanana na la afisa wa kodi. Dada yangu alikuwa akishona magauni ya harusi barazani kwake, karibu na soko, na alilitaka gari lile kuliko kitu chochote duniani. Alijinyima kwa ajili yake miaka mingi, hata khanga za sikukuu alikuwa hanunui.

Nilipomwambia twende pamoja mnadani, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Wewe kaa nyumbani, mdogo wangu. Mambo nimeshayapanga na fundi."

Fundi! Alikuwa fundi magari wa Buguruni, mtu wa maneno laini, na mimi mtu wa maneno laini simpendi. Siku ya ukaguzi, ambapo kila anayetaka kununua huruhusiwa kutazama, nikaenda kimyakimya. Nikamkuta ameinamia injini ya gari letu, watu wamemzunguka. Akainuka, akajifuta mikono polepole, akatangaza kama yuko kwenye mkutano wa hadhara.

"Jamani, injini hii imekufa. Imepasuka. Labda mlichukue mkafugie kuku."

Watu wakaguna, wakahamia kwenye malori. Alipodhani hakuna anayemwona, fundi akachomoa kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, akakitia mfukoni.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Mwizi huyu analivua gari leo, kesho atalinunua mwenyewe kwa bei ya chuma chakavu, na dada abaki analia. Kumuuliza? Angekana. Kumwambia dada? Angecheka. Nikatoa benki fedha yangu yote, fedha ya kiwanja ambacho nilishaamua hata mlango wa nyumba utazame wapi.

Siku ya mnada nikajibanza nyuma ya lori, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi. Dada sikumwona, na fundi pia sikumwona. Mnadi akagonga kengele.

"Ndugu wananchi, gari la maharusi hili! Naanza na elfu sita!"

Kimya. Habari za injini zilikuwa zimeshaenea uani kote. Kisha bwana mmoja mnene, mwenye shati la kaki, mgeni kabisa machoni pangu, akainua kidole.

Huyu ndiye mtu wa fundi, nikajiambia. "Saba!" nikapiga kelele.

Akageuka, akanitazama kwa mshangao. "Nane."

Tukapandishana hivyo hivyo. Watu wakayaacha malori wakaja kututazama sisi wendawazimu wawili. Nilipotaja elfu kumi na tisa, yule bwana alijifuta jasho, akatikisa kichwa, akaondoka. Nikalipa, nikapewa risiti na ufunguo. Nilikuwa na furaha ya kitoto: gari la baba nimelikomboa, na fundi nimemkomoa.

Nikakimbia hadi kwa dada. Bwana wa kaki alikuwa amenitangulia. Amekaa barazani, anamrudishia dada bahasha yake ya fedha. Fundi amesimama pembeni na kile kidude mkononi.

Mtindo wa Kariakoo ulikuwa huo: mwenye shida na gari haonekani mnadani, kwa sababu mnadi akimjua humpandishia bei. Hutuma sura ngeni. Na kabla ya hapo fundi wake huenda kulichafulia gari jina, na kulizima kabisa, ili wengine wakate tamaa. Mji mzima ulilijua hilo. Hata mimi nililijua. Sikuwahi tu kufikiri kwamba mtu anaweza kufanya ujanja huo kwa faida yetu.

"Kumbe ulikuwa wewe," dada akasema.

"Ndiyo, dada."

"Lingekuwa letu kwa elfu sita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mambo nimeyapanga. Ulitaka nikuapie?"

Tukarudi kule uani kwa shirika, mimi, dada na fundi. Fundi akarudisha kidude mahali pake, nikampa ufunguo, na injini ikawaka mara moja, safi, kama siku za baba. Dada akaingia, akakaa mbele karibu na fundi, akafunga mlango. Hakuniambia panda, nami niliona aibu kupanda bila kuambiwa.

Wakaondoka. Nikabaki nimesimama langoni na risiti yenye jina langu, nikilitazama gari likikata kona kuelekea Kariakoo. Na hata pale, Mungu anisamehe, nilikuwa najiuliza kama kweli wanalipeleka nyumbani.