Vikombe Kumi na Viwili Mbele ya Wazazi

Shule niliishia darasa la nne. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbinga, na shamba langu la kahawa hata bwana shamba huwapeleka wageni wake kulitazama. Kwa hiyo nikisimama kwenye kikao cha wazazi, watu hunyamaza.

Siku ile nilisimama ili vikombe vipigwe marufuku. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye kipindi cha michezo watoto wanapanga vikombe vya plastiki mezani, wanajenga mnara na kuubomoa haraka haraka. Mipira ya shule ile niliinunua mimi!

"Michezo ni jasho," nikasema. "Vikombe ni vya jikoni."

Mwalimu wa michezo, dada wa kutoka Liuli, alinyanyuka taratibu.

"Shikamoo, mzee. Binti yako ana pumu. Tangu aanze shule, wenzake wakicheza yeye alikuwa anakaa pembeni kuwashikia masweta. Kwenye vikombe anacheza. Tukiviondoa, anarudi pembeni."

Pumu yake naijua; hilo la kukaa pembeni nilikuwa sijui. Nyumbani hajawahi kulitaja.

Mama mmoja akanichokoza kutoka nyuma: "Bosi, si unasema kwa kuchuma kahawa hakuna wa kukufikia? Hebu jaribu hivyo vya jikoni!"

Nikavua koti. Binti yangu akaitwa kutoka darasani, tukawekewa vikombe kumi na viwili kila mmoja.

Sasa, anayechuma kahawa anajua: mkono wa kushoto unainamisha tawi na kulishikilia, wa kulia unachagua zilizoiva. Miaka thelathini mkono wangu wa kushoto umefundishwa kushika tu. Basi ukashika ukingo wa meza, ukagoma kutoka. Wa kulia ukahangaika peke yake, vikombe vikaporomoka hadi miguuni kwa mwenyekiti.

"Baba, achia tawi!" wakapiga kelele akina mama.

Mwanangu alikuwa ameshajenga na kubomoa mara mbili, mikono yote miwili ikipishana, kifua kimetulia.

Nilicheka, lakini sikukaa. Mimi sikai kirahisi. Nikawaambia: vikombe vibaki, ila meza iwekwe upande wa pili wa uwanja. Mtoto akimbie, ajenge, abomoe, arudi. Mwenye pumu atembee kwa mwendo wake, muda aliopoteza njiani aufidie mezani. Mwalimu akakubali, wazazi wakanyoosha mikono. Mpaka leo ndivyo wanavyocheza, na mpango huo umetoka kichwani mwa mtu wa darasa la nne.

Mara ya kwanza walipocheza hivyo, binti yangu alifika mezani wa mwisho, akaondoka wa pili. Jioni akamwambia mama yake kwamba miguu inamuuma, kwa sauti ya kujidai kabisa. Sikuwa na haja ya kuuliza sauti hiyo kaitoa wapi.